Wapagazi wa Kwenda Kutazama Mbingu

Jana hapa bomani Songea, ofisa wa Kijerumani alikuwa akipanga likizo: afike kwao, kisha apande kaskazini kwenye barafu akatazame mbingu inavyowaka kijani. Wa kumbebea mizigo mpaka Kilwa wakakamatwa mashambani, mvua za kupandia zimeshaanza.

Mke wa mmojawapo, jembe begani, akamng'ang'ania mumewe mkono, akaniambia: "Mwambie, kaka. Moto wa kutazama aliuwasha mwenyewe ghalani kwangu wakati wa vita. Haukumtosha? Sasa akinichukulia mume, nitalima na nani tule?"

Ofisa akanigeukia mimi mkalimani, mtembezi wa pwani yote, mjivuni wa lugha tatu.

"Anakutakia safari njema," nikatafsiri.

Akafurahi, akampigapiga mume begani, akamtwika sanduku la makoti ya manyoya.

Yule ofisa namchukia. Na huyu mkalimani, tangu jana hatusalimiani.