Nilivyobadilisha kadi ya grafiki iliyokufa, nikafuta sauti ya Kambale

Wakuu, salamu kutoka Butembo.

Naona wengi humu mnauliza namna ya kubadilisha kadi ya grafiki kwa bei ya chini. Nitawaeleza niliyoyapitia, bila kupunguza hata pale yanaponiaibisha. Mtu akikosea nilipokosea mimi baada ya kusoma hapa, basi nitakuwa nimeeleza vibaya.

Ilikuwa miaka ya vita. Nilikuwa na studio ndogo mtaa wa Kimemi, narekodi harusi na kufanya montage, yaani kukata na kuunganisha video, kwa kompyuta moja ya mezani niliyoinunua ikiwa imeshatumika.

Nilirekodi harusi ya Masika. Mdogo wake, Kambale, alisimama ukumbini akatoa hotuba, watu wakacheka sana.

Kabla sijamaliza montage, Kambale alienda shambani upande wa Mbau. Aliuawa huko pamoja na wengine. Barabara ilikuwa imefungwa, wakazikwa hukohuko. Mama yake hakuona mwili wala kaburi.

Mama Masika akaja studio.

"Mutoto yangu, mu ile video ya harusi, Kambale anaongea?"

"Anaongea, mama. Hotuba yote iko."

"Basi siku ya kumaliza matanga utatuwekea. Mwili hapana niliona. Sauti njo nataka kusikia."

Nikamwahidi. Ndugu zangu, niliahidi kwa mdomo mwepesi kabisa.

Siku chache baadaye skrini ikaanza kutoa mistari ya kijani. Picha inaganda, kisha skrini inakuwa nyeusi huku kompyuta ikiendelea kuunguruma. Ukiona hivyo, shuku kadi ya grafiki, lakini usikimbilie kununua.

Nilipuliza vumbi, nikasugua meno ya kadi kwa kifutio cha penseli, nikairudisha. Hatua hiyo ni ya bure, ianze kila mara. Kwangu ilisaidia siku mbili tu.

Kadi mpya sikuiweza. Nikampigia Kasereka, fundi wa Beni tuliyeimba naye kwaya zamani. Akasema ana kadi iliyotumika, na hataki pesa, anataka disque ya nje, ile ya kuhifadhia faili.

Nilikuwa nayo moja. Ndiyo iliyokuwa na harusi ya Masika.

Sasa hapa wasiojua maisha yetu ya wakati ule wanisikilize. Kupita barrière, kizuizi cha askari barabarani, ukiwa na disque yenye picha za watu ilikuwa hatari. Askari akikuta video, anaweza kuuliza hawa ni akina nani, unampelekea nani, na jibu lolote linaweza kukulaza ndani. Kwa hiyo kila mwenye studio alikuwa na desturi moja: kabla ya safari, unahamisha kila kitu kwenye kompyuta, kisha unafuta disque iwe tupu.

Nikahamisha. Mistari ilikuwa imejaa skrini nzima. Baada ya muda mrefu kikatokea kisanduku cha ujumbe. Sikuweza kukisoma, maandishi yalikuwa yamekatwakatwa. Nikajiambia, hii ni ile ya "imekamilika". Nikabonyeza Enter.

Kisha nikafuta disque.

Kwenye barrière, askari hata mfuko wangu hakuufungua.

"Grand, achia batu ya barrière ya maji kidogo."

Nikampa noti, nikapita. Barabara nzima nilikuwa nimeiogopa kwa ajili ya hayo tu.

Beni, Kasereka alinipokea kwa furaha. "Weye na bwoga yako! Uliifuta mpaka majina ya mafolda!" Tukacheka wote. Tukabadilishana, nikarudi siku iliyofuata.

Nikafunga kadi. Skrini ikang'aa safi. Nikafungua folda ya Masika. Kanisani ipo. Picha za bustani zipo. Ukumbini hakuna.

Kile kisanduku kilikuwa kinaniambia nafasi kwenye kompyuta imejaa.

Nikampigia Kasereka. "Ile disque, tafadhali, hapana kuigusa!"

Akasema, "Ndugu yangu, niliijaza jana ileile. Mahubiri na filamu, mpaka juu."

Wakuu, faili iliyofutwa mara nyingi hurudishika, ila tu kama hakuna kitu kingine kilichoandikwa juu yake. Kasereka alijaribu kwa programu mbili. Alipata picha ya meza yenye soda. Sauti, hakuna.

Nilikwenda kwa Mama Masika asubuhi kabla ya matanga kwisha. Nikamweleza yote, hata kisanduku. Alikuwa anachambua maharagwe. Hakulia wala hakunitukana, afadhali angenitukana.

Akauliza, "Weye ulikuwa pale na kamera. Alisema nini?"

Nikashangaa. "Mama, hata weye ulikuwa pale."

"Mimi nilikuwa ku manyungu ya chakula inje, ninapakulia bageni. Nilisikia tu batu banacheka. Masika anakumbuka kidogo tu, alikuwa analia. Alisema nini?"

Nilikuwa nimesimama mbele ya Kambale hatua tatu. Nakumbuka mwanga ulikuwa mbaya, na kwamba betri ilikuwa imebaki kidogo. Maneno yake hata moja sikuyashika. Nilijua kamera inashika.

"Hapana nakumbuka, mama."

Akarudi kwenye maharagwe yake.

Kadi ya Kasereka ilikufa baada ya mwezi mmoja. Nilipoitoa ndipo nikaona nyuma ya kompyuta kizibo kidogo cha plastiki. Nikakibandua. Chini yake kulikuwa na tundu la VGA la motherboard yenyewe. Nikachomeka waya wa skrini, picha ikaja. Nzito kidogo, lakini safi, na ningeweza kufanya kazi nayo tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo, anayebana matumizi: toa kadi kwanza, tafuta tundu la motherboard, washa. Usihamishe faili kwenye skrini usiyoweza kuisoma. Na usifute chochote kabla hujaicheza nakala mpaka mwisho kwa macho na masikio yako.

Maswali ya ufundi ulizeni, nitajibu kila mmoja kwa utaratibu.

Lakini humu kuna watu wa Kimemi, na wengine mlikuwa kwenye ukumbi ule. Kama unakumbuka hata sentensi moja aliyoisema Kambale, iandike hapa chini. Mama Masika bado yuko hai, na nitaipeleka mwenyewe.