Stima Ikipotea Darasani

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa chuo cha ufundi pale Kitale alinipa kipande cha chaki, akanionyesha mlango wa karakana. "Fundi, kuanzia leo wewe ni mwalimu," akasema. Basi. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya ualimu. Nilikuwa nimefunga stima katika nusu ya nyumba za Trans-Nzoia, na nusu iliyobaki ilikuwa inaningoja. Nani angeniambia habari ya kufundisha?

Nilifundisha kama nilivyofundishwa. Nilisimama kwenye ubao wa majaribio, yaani mbao zilizopigiliwa soketi na swichi za kujifunzia, nikaunga nyaya haraka kama msusi wa nywele, kisha nikauliza, "Mmeelewa?" Wanajibu, "Ndiyooo!" Sauti ilifika Suam, maafisa wa mpakani wakadhani Uganda imefunga bao. Aliyekosea nilimpigia kelele hadi misumari ikalegea ukutani.

Mtihani wa vitendo ulipokuja, walianguka kama mahindi kwenye mvua ya mawe. Meneja akaniita ofisini.

"Mwalimu, shida ni nini?"

"Madam, hawa watoto vichwa vyao ni vigumu."

"Wote? Ati Mungu aligawia darasa zima kichwa kimoja?" Hakucheka. "Unahamia tawi letu la Bungoma. Mchana utafundisha, jioni utasomea ualimu. Usipopita, usirudi kwangu."

Nilienda nikinung'unika. Umri wangu, kukaa kwa dawati jioni na vijana wanaonukia manukato, bana! Lakini mkufunzi wetu, mama mfupi mwenye macho ya mwewe, alinikalisha kweli. Alitufundisha kuandaa mpango wa somo: leo mwanafunzi ataweza kufanya nini, kwa hatua zipi, na wewe utajuaje ameweza. Hiyo ya mwisho ndiyo ilinisumbua.

"Mimi huwauliza kama wameelewa," nikamwambia.

"Na wao?"

"Husema ndiyo."

"Mzee, hilo si swali. Hiyo ni salamu. Mwambie mmoja akuonyeshe, halafu ufunge mdomo utazame."

Kufunga mdomo! Afadhali angeniambia nibebe Mlima Elgon mgongoni.

Ikafika siku ya kupimwa nikifundisha. Mkufunzi aliketi nyuma ya karakana yangu, kalamu mkononi. Nisipopita leo, Kitale nitaisikia redioni tu. Somo lilikuwa kubadilisha soketi ya ukutani iliyoungua. Nilimwita mbele Nafula, mama wa watoto wawili kutoka Kamukuywa, mwenye bidii na mikono isiyojua kungoja. Kabla sijasema zaidi, taa zikazimika.

"Stima imepotea!" darasa likasema.

"Sawa," nikajibu. "Nafula, tuonyeshe. Ungeanza wapi?" Kisha nikafunga mdomo, kama nilivyoagizwa.

Alienda moja kwa moja kwenye soketi. Bisibisi ikatoa skrubu ya kwanza. Ikatoa ya pili. Kifuniko kikashuka mkononi mwake, nyaya zikabaki uchi. Swichi kuu ilikuwa kando ya mlango, imewashwa vilevile, na hakuna aliyeitupia jicho. Darasa zima linatikisa kichwa, vizuri, vizuri. Moyo wangu ulipiga ngoma ya kusikika Webuye. Kelele zangu zote za Kitale zilinijaa kooni. Lakini mkufunzi alikuwa ametuonya: mtu aliye karibu na hatari usimpigie kelele, maana atashtuka, na anayeshtuka hukamata kilicho mbele yake.

"Nafula," nikasema polepole, "hebu simama hapo. Mikono juu, mama, kama kwaya."

Wakacheka. Nafula akarudi nyuma hatua moja, akainua mikono, bisibisi na yote.

Taa zikawaka.

Sote tukazitazama zile nyaya zilizo uchi, sasa zina stima.

"Yesu wangu," Nafula akanong'ona. "Mwalimu, si ilikuwa imepotea?"

Ni neno tu, jamani. Sisi sote husema stima imepotea, na kitu kilichopotea nani atakiogopa? Lakini ya kupotea hurudi bila kupiga hodi. Ya kuzimwa hubaki pale ulipoiacha. Wangapi pale Kitale walinijibu "ndiyo" wakiwa na neno hilo kichwani?

Niliweka mpango wa somo kando. Mmoja mmoja nikawatembeza hadi mlangoni: zima swichi kuu, tia kufuli, ufunguo mfukoni, rudi upime nyaya kwa testa, ndipo uguse. Tulimaliza wenzetu wa ushonaji wameshakwenda nyumbani.

"Umeacha mpango wako," mkufunzi akasema.

"Ndiyo, madam." Nikaona cheti kinapaa kama kunguru.

"Kwa nini?"

"Mama huyu amenionyesha kitu ambacho sijafundisha."

Akaandika, akaandika, nikadhani ananakili Biblia. Kisha akanipa mkono. "Umepita, Mwalimu."

Nilirudi Kitale, na wanafunzi wangu wakaanza kupita mitihani ya vitendo. Sasa nimestaafu, nalima mahindi Saboti, marefu hadi ndege huyazunguka. Vijana mafundi huniuliza, mtu mwenye mikono mizuri ualimu utamsaidia nini? Nawaambia hivi: jioni ile Nafula aliondoka amenuna kwamba nimewachelewesha. Akafika Kamukuywa, akawasha moto, na watoto wake wakala ugali uliopikwa na mama yao.