Askari Aliyeogopa Foleni ya Pili

Siku Mahlon Hershberger alipomwona Kendra Sowash kwa mara ya kwanza, alitamani kurudi ndani akamwambie mkewe kwamba leo hajisikii vizuri. Alikuwa amesimama mwisho wa njia ya kwake, sanduku la randa na patasi miguuni, akimngoja mzee Ferris, dereva aliyewachukua mafundi kila asubuhi kuwapeleka mjini Wooster kufunga makabati ya jikoni. Gari lililokuja lilikuwa lile lile la Ferris, lakini aliyekamata usukani alikuwa msichana mwenye buti za jeshi na koti la kombati.

"Mzee Ferris kapasuliwa jicho," alisema yule msichana. "Mimi ni Kendra. Miaka minne jeshini nimeendesha malori ya mafuta, kwa hiyo nikikimbiza gari we piga kelele tu."

Mahlon hakupiga kelele. Hata salamu ilimshinda. Waamishi, watu wa dhehebu lake, hawaendi vitani. Bunduki kwao ni ya kulungu, na gari ni la jirani, unalipanda ukilipa, hulimiliki. Katika miaka yake hamsini na kitu hakuwahi kukaa hatua tatu kutoka kwa askari. Akaingia kiti cha nyuma kabisa, akapakata sanduku lake kama mtoto mgonjwa, na walipofika akasema "asante" kwa sauti ambayo hata patasi hazikuisikia.

Jicho la Ferris lilichelewa kupona, Kendra akabaki. Mafundi wengine walimzoea upesi, wakawa wanataniana naye njia nzima. Mahlon alimzoea polepole, kama mbao inavyozoea joto la chumba. Kendra alimpachika jina la Mzee Kimya. Verna, mkewe Mahlon, naye alipomwona binti anakunywa kahawa ya kituo cha mafuta badala ya kifungua kinywa, alikasirika kana kwamba ametukanwa yeye.

"Mwanangu, hiyo ndiyo chai?" alimuuliza, huku akimsukumia bakuli la tambi na kuku.

"Mama Verna, mimi jeshini nilikula vitu ambavyo mbwa wako angevifukia."

"Basi kula hivi, umwachie mbwa vyake."

Kwa hiyo wakamjua. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Asubuhi aliendesha, mchana alisomea uuguzi katika chuo cha wilaya. Jeshi lilimlipia ada, na kila mwezi wa masomo lilimpa pesa ya kodi ya chumba. Lakini vyuo vikifungwa, na pesa ya kodi hufungwa. Mwenye nyumba hajui habari za likizo.

Ikafika wiki ya kulungu, ile ya baada ya sikukuu ya shukrani, ya bata mzinga, wanaume wa kule wanapoacha kazi zote na kuingia msituni kuwinda. Mahlon mgongo wake haukumruhusu kulala kwenye majani yenye barafu, na kulikuwa na jiko la watu halijaisha. Wakawa wawili tu garini. Kendra hakutania. Walipofika karibu na kijiji cha Apple Creek ndipo akafungua kinywa.

"Mzee Kimya, Januari sirudi chuoni. Nimepata kazi ya malori Texas."

Mahlon alitazama mgongo wa kiti cha mbele. "Kwa nini?"

"Kwa sababu kila chuo kikifungwa nabaki na deni la chumba. Likizo iliyopita niliuza televisheni. Safari hii sina cha kuuza ila buti."

"Wanafunzi wengine wanafanyaje?"

"Wengine wanapata msaada wa serikali wa wanafunzi wasio na kitu. Mimi siwezi kuomba." Alipunguza mwendo, mbele kulikuwa na mkokoteni wa farasi. "Jeshini, ukishapakuliwa, halafu urudi na sahani yako kwenye foleni ya mesi, bwalo la chakula, kabla wengine hawajala, sajini anakuita mwizi mbele ya kikosi kizima. Mimi nimeshapakuliwa. Jeshi linanilipia. Nikienda kuomba tena watasema kumbe huyu ana lake, watakata msaada, na pesa ya jeshi watanidai niirudishe. Rafiki yangu Kentucky mpaka leo anarudisha pesa za jeshi."

"Alifanya nini?"

"Sijui. Analipa tu. Na tena wanauliza mapato ya baba. Baba yangu ana pesa, magreda yadi nzima, na hajanipigia simu tangu siku niliyojiandikisha." Akamtazama Mahlon kwenye kioo. "Ninyi hamgusi senti ya serikali, na mnaishi. Niambie nafanya vizuri."

Lilikuwa ombi ambalo mtu kama Mahlon angelijibu usingizini. Kanisani kwao pesa ya serikali haipokelewi, mwisho. Angeitikia kwa kichwa tu, binti angekwenda Texas na moyo mweupe. Lakini alikumbuka Verna alivyokuwa akimsikiliza Kendra akisoma kwa sauti majina ya mifupa mezani, na kichwa kikakataa kuinama.

"Ghala la Atlee Miller liliungua kwa radi," alisema.

"Nini?"

"Ghala. Tulikuja watu wengi, tukalisimamisha upya. Atlee alikuwa anafanya kazi kiwanda cha mbao. Hakuna aliyemuuliza kama wiki ile kiwanda kimemlipa. Mshahara aliutolea jasho. Ghala lilikuwa msaada. Hatukuvichanganya."

Kendra alimtazama tena kwenye kioo. Hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo.

"Serikali siyo Waamishi, mzee."

"Habari za serikali sizijui. Mimi niliishia darasa la nane. Lakini hata wewe huzijui. Rafiki yako wa Kentucky hujui alifanya nini. Muulize anayeshika upawa. Yeye ndiye anajua kama kuna cha pili."

Kendra akaupita ule mkokoteni. Kisha Kendra akacheka, akakata kona bila kuwasha taa, mpaka randa zikaruka sandukuni.

"Twende sasa hivi kabla sijaogopa. Na wewe unaingia nami."

"Mimi?"

"Nani mwingine yupo humu? Farasi?"

"Kuna jiko Wooster..."

"Jiko halina miguu, mzee wangu."

Hivyo ndivyo Mahlon Hershberger alivyojikuta kwenye ukumbi wa chuo, kofia mkononi, ndevu kifuani, wanafunzi wakipita na kugeuka kumtazama. Alitamani sakafu imfiche. Nyuma ya dirisha la kioo alikaa mama mmoja wa makamo, Bi Odom wa ofisi ya misaada, miwani ikining'inia kwa mnyororo. Kendra alisimama mbele yake wima kabisa, mikono nyuma, akatoa maelezo yote kama anayeripoti kosa. Alipomaliza, Bi Odom alivaa miwani.

"Nani alikwambia haya?"

"Watu."

"Watu," Bi Odom alirudia, kwa sauti ya mtu anayewafahamu sana hao watu. "Sikiliza, binti. Pesa ya masomo ya jeshi siyo kipato. Sheria imekataza isihesabiwe. Haipunguzi huu msaada, na huu msaada hauipunguzi. Ulitoka jeshini salama? Hukufukuzwa?"

"Nilitoka kwa heshima zote, mama."

"Basi baba yako hatumuulizi kitu. Aliyetumikia jeshi, kwetu anajitegemea, hata kama ana miaka kumi na tisa."

"Na yule rafiki yangu wa Kentucky?"

"Huyo simjui. Wengi wanaorudisha pesa za jeshi waliacha somo katikati. Wewe umeacha?"

"Hapana!"

"Basi usiache. Sasa, una kipato kingine chochote?"

"Naendesha mafundi asubuhi."

"Hicho kitaje. Hicho ndicho kinachohesabiwa."

Mahlon aliyekuwa amejibanza ukutani akashtuka. Akasogea mpaka dirishani, uso mwekundu. "Mama, kwa hiyo jeshi halimharibii, ninayemharibia ni mimi?"

Bi Odom alimtazama kuanzia kofia hadi viatu, akacheka mpaka miwani ikadondoka. "Kwa mnayomlipa, baba? Hamumharibii. Hata msaada wa muhula huu unaoisha atalipwa, mradi aombe leo."

Kendra aliegemeza paji la uso kwenye kioo. Mabega yakatikisika, na Mahlon hakujua kama analia au anacheka, mpaka aliposikia, "Mwaka mzima na nusu nakula makaroni makavu! Mwaka mzima na nusu, kwa sababu ya sajini wa mesi!"

Mahlon akavaa kofia yake. Wooster walifika karibu na saa sita mchana. Mwenye jiko aliwafokea, na kwa mara ya kwanza maishani Mahlon alifokewa akiwa anatabasamu.

Likizo ile Kendra alilipa kodi kwa wakati. Texas hawakumwona. Verna alihesabu mifupa pamoja naye mpaka akawa anaitaja mwenyewe akikanda unga, na mwaka uliofuata, Kendra akafaulu mtihani wa leseni ya uuguzi. Hospitali moja ya mji wa Akron ikamwajiri.

Alipita asubuhi moja kuaga, amevaa nguo safi za rangi ya samawati, viatu vyeupe. Verna alimjazia kiti cha nyuma chupa za jemu na mikate, akalia, akaingia ndani kulia zaidi. Mahlon alibaki amesimama kando ya gari. Mwishowe akauliza tu Jumatatu mafundi watapelekwa na nani.

Kendra akawasha gari, akatoa mkono dirishani, akamvuta ndevu kidogo, jambo ambalo askofu wao asingelipenda. Maneno ya mwisho Mahlon aliyoyasikia kutoka kwake yalikuwa haya:

"Mtamtafuta mwingine, baba. Mimi nina wagonjwa wananisubiri."