Maua ya Mjomba

Saa tatu na dakika kumi asubuhi ya leo nilimimina maji ya moto juu ya maua makavu ya manjano ya chai, na harufu ikanirudisha Guangzhou, China.

Mama alikwenda kununua vitambaa, lakini kwanza alinipeleka kwenye bustani yenye kaburi moja kubwa la watu waliouawa wakati Wachina walipopigana wenyewe kwa wenyewe. Nyasi zake zilikatwa vizuri ajabu. Kaka yake mama aliuawa katika vita vya kwetu, na mwili haukupatikana.

Langoni muuza maua ya manjano kama haya alitaja yuan ishirini. Nilingoja mama aseme “tai gui”, ghali mno, kisha ajifanye anaondoka, kama sokoni.

“Mama, leo hupunguzi bei?”

“Ya mjomba wako hayapunguzwi, mwanangu.”

Akalipa yuan ishirini kamili.