Mshale Uliogoma kwa Themanini

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu. Ukitaka kucheka, cheka, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Nilinunua pikipiki kuukuu kule Tala, ya kubebea nyanya zangu kutoka Kola hadi Machakos mjini. Mshale wa spidi ulikuwa umegoma kwa themanini, hata ikiwa imezimwa. Tena ilikuwa nzito: bila mzigo wowote, ilipanda mlima kama imebeba mtu. Fundi aliniambia niachane na huo mshale, bora pikipiki inatembea. Mimi nikakataa. Chombo changu kinidanganye kila siku?

Jumapili baada ya kanisa nikaifungua mwenyewe pale uani. Nikatoa kioo cha geji, nikasugua kutu, nikadondosha mafuta ya cherehani. Niliushusha mshale kwa kidole. Nikiuachilia, unaruka tena themanini. Sijui niliurudia mara ngapi. Na waya wa spidi nilikuwa nimeuchomoa! Sasa nani alikuwa anausukuma?

Jua likianza kupoa nikakata tamaa, nikachukua kioo nikirudishe. Hapo nikaona mwanaume amesimama kando ya pikipiki, jaketi limejaa vumbi, macho yanatoka machozi kama ya mtu aliyepigwa na upepo. Lango sikusikia likifunguka. Nikamsalimia kwa Kikamba. Nikamuuliza anataka nini.

"Usiache, dada," akasema. "Mshale ukifika sifuri, nitashuka."

Niamini, ningekimbia, lakini ule uso ulikuwa umechoka sana. Nikamwambia angoje. Nikatia mafuta tena, nikaushusha mshale polepole, na safari hii sikuuachilia. Ulisukuma kidole changu kama kitu chenye uhai. Nikakaza mpaka ukalegea. Nilipotoa kidole, ulibaki sifuri.

Springi za nyuma zikapanda, vile zinapanda abiria akishuka. Nikainua macho. Hakukuwa na mtu.

Kesho yake nikampigia simu aliyeniuzia. Akaniambia pikipiki ilikuwa ya marehemu ndugu yake, aliyefia barabarani akiwa mbio, na mshale haukuwahi kushuka tangu siku hiyo.

Siku hizi pikipiki ni nyepesi, geji inasoma vizuri. Mimi ndiye sijapona. Nikibeba mtu, namwomba aongee njia yote. Akinyamaza tu, nasimama, nageuka nimwone.

Nawe ukienda kununua pikipiki ya mkono wa pili, usiangalie injini peke yake. Uliza aliyeipanda kabla yako alishukaje.