Ami Yangu kwenye Keria

Nasema mapema, na asiyeamini akajaribu mwenyewe: hakuna njia iliyonitesa na kunifurahisha siku moja kama ile ya baiskeli kutoka Matrah kwenda Bawshar. Siku hizi wajukuu zangu wanaipita ndani ya gari, vioo vimefungwa, baridi inapuliza, hawajui hata kama pana vilima. Mie navijua. Kila kimoja nimekipanda kwa miguu yangu hii.

Ilikuwa mwaka wa sitini na nne, miezi ya baridi. Mimi na mama tulikuwa tumefika huku, nchi ya asili ya baba, na meli kutoka Unguja, tuna nguo zetu, masufuria, na baiskeli yangu ambayo nilikataa katakata kuiacha. Mama alininunia njia nzima. "Wenzio wanaokoa dhahabu, weye unaokoa chuma!" Matrah tulipewa chumba na watu wema wasiotujua. Lakini mkubwa mmoja pale bandarini alitwambia wazi: mtu akitoka Afrika na kusema asili yake ni hapa, lazima aje mtu wa kwao amtambue. Asipokuja, arudi na meli. Kurudi wapi? Nyumba yetu Unguja ilikuwa ishakaliwa na watu wengine.

Mtu wetu hapa alikuwa mmoja tu, ami yangu, kaka yake marehemu baba, mkulima wa mitende huko Bawshar. Nilikuwa sijapata kumwona maishani. Tulimpelekea salamu kwa watu wa punda kwamba tumefika, tukangoja, kimya. Katika siku tulizopewa ikabaki moja. Asubuhi ya pili yake tunatakiwa tuwe mbele ya yule mkubwa.

"Angalitutaka angalikuja," mama alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwishakata tamaa.

N'kamwambia, "Kama hatutaki, akanambie usoni." Nikaswali alfajiri, nikajaza upepo mipira, nikaondoka.

Unguja nilikuwa nikijiona bingwa. Lami laini, kivuli cha mikarafuu kila upande, unapiga kengele kuku wanakupisha. Hapa hamna lami. Kutoka Matrah unapanda kati ya milima myeusi mpaka pumzi inakwisha, kisha unateremkia Ruwi, nayo Ruwi ya wakati ule ni bonde tupu, vibanda viwili vitatu na kiwanja cha ndege cha changarawe. Hapo ndipo vilima vinapoanza khasa. Unapanda, unateremka kwenye wadi, mkondo wa mto uliokauka, unapanda tena. Changarawe imejikunja mikunjo mikunjo, inakutikisa mpaka meno. Mara ya kwanza nilishika breki chini ya mteremko, kwenye kokoto, nikaruka mie na baiskeli ikaruka kwake. Nikajitukana, nikajipangusa. Baada ya hapo nikajua: mteremko unauachia kabisa, unashikilia usukani, ile kasi ndiyo inayokupandisha kilima cha mbele. Na wallahi, pamoja na roho yangu kuwa juu juu, nilipouachia ule wa pili nilipiga kelele kwa raha.

Raha haikudumu. Kila penye kisima na mitende mitatu walikuwapo wanaume, na kila waliponiona walisimama njiani na kuinua mikono. Hawajapata kuona mtu kapanda kitu kama kile. Lakini si hilo lililowasimamisha. Kwao mtu hapiti hivi hivi. Lazima akae, ale tende, anywe kahawa. Basi nikakaa. Nikatiwa kahawa kwenye kikombe kidogo, nikanywa. Nikatiwa tena. Mie nimelelewa Unguja, anachokutilia mwenye nyumba hukirudishi, ni utovu wa adabu. Nikanywa. Akatia. Nikanywa. Yule mtiaji alikuwa ananitazama kwa mshangao, nami namtazama kwa mshangao, na buli haliishi. Wapi! Palepale pa mwanzo nilikunywa mpaka likaletwa buli la pili. Na mbele wakanisimamisha tena, na mbele tena.

Nilifika Bawshar adhuhuri, hasira zimenijaa. Nikaulizia nyumba, nikaonyeshwa. Akatoka mzee mwembamba, matope yamemjaa mpaka viwikoni. Sikuhitaji kuambiwa. Pua ya baba, paji la baba, hata ule usimamaji wa kuegemea mguu mmoja. Nikatoa salamu, akaitikia, akanawa mikono, akanikalisha kwenye mkeka. Tende zikaja. Na kahawa, bila shaka.

Sasa nisikilizeni upumbavu wetu. Kwa watu wa huku, mgeni haulizwi jina wala shida yake. Ni aibu, utadhani unataka aondoke. Atasema mwenyewe akipumzika. Kwetu Unguja mambo ni kinyume. Mgeni hajiropokei, anangoja mwenyeji amuulize, "Haya, mwanangu, kuna nini?" Basi mie nangoja niulizwe, na yeye anangoja niseme. Tumekaa. Kivuli cha ukuta kinasogea. Yeye anatia kahawa, mie nakunywa. Ananitazama, anainamisha macho. Nikajisemea, ndiyo hivyo basi, hatutaki. Kanijua, na ananyamaza makusudi nichoke niende zangu.

Nikapandwa na jazba. Nikakiweka kile kikombe chini kwa kishindo. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha kusomea Kurani, lakini kilitoka chote: "Mimi ni mtoto wa ndugu yako! Mama yangu yuko Matrah, kesho tunarudishwa, na wewe unanitilia kahawa!"

Mzee akashtuka hata buli likamwagika. "Mnarudishwa? Nani kasema mnarudishwa? Mimi nimeambiwa mmefika, basi!"

"Kwa nini hukuja, ami?"

Alinishika mkono, akanizungusha nyuma ya nyumba. Kulikuwa na chumba, kuta zake za udongo zimefika kifuani, bado mbichi, na matofali mengine yametandazwa juani yakauke. "Baba yako," alisema, "kila mwaka alinitumia nguo na karafuu, hakunisahau hata mara moja. Nitaendaje kumchukua mjane wake na mwanawe, nami sina pa kuwalaza? Nilisema nimalize chumba, ndipo nije nina uso wa kuwatazama." Akainama kuligeuza tofali moja. "Nilipokuona mlangoni nilikujua. Nikadhani umekuja kunilaumu. Nikangoja unilaumu."

Ya Rabi, ule mzigo ulionitoka kifuani! Nilimkumbatia matope na yote. Tena nikakumbuka saa. Punda wangetufikisha usiku, milango ya mji ishafungwa. Nikaigonga keria ya baiskeli.

"Juu ya hiki?" alisema ami.

"Juu ya hicho."

Akavaa jambia lake, akafunga kilemba, akakaa upande kama bibi harusi, akanishika kiuno kwa nguvu nisiweze hata kupumua. Penye kupanda tulishuka tukaisukuma baiskeli pamoja, yeye anasukuma kwa nguvu kuliko mie. Miteremko nikaiachia. Mara ya kwanza alipiga shahada kwa sauti bonde zima likasikia. Mara ya pili akashika kilemba chake tu kisipeperuke. Mara ya tatu nikamsikia nyuma yangu anacheka, mzee mzima, na kwenye kilima kilichofuata akaniambia, "Mwanangu, kuna mwingine kama ule?"

Visimani tulisimamishwa tena, sina haja ya kusema. Ami alikunywa kikombe kimoja, akakitikisa mkononi kidogo, akarudisha, wala hakutiliwa tena. Nikamkodolea macho.

"Ukitosheka unatikisa," alisema. "Hukujua?"

"Nitajuaje!" Wale watu wa kisimani walicheka mpaka wakashika mbavu. Kumbe habari za kijana wa Unguja aliyemaliza mabuli yao zilishaenea njia nzima.

Tuliingia Matrah jua halijazama. Asubuhi tukasimama mbele ya yule mkubwa, mama nyuma yetu kajifunika buibui. Akamuuliza ami, "Kijana huyu umemjua lini?"

"Jana," alisema ami.

Ee, mzee, hata uongo mdogo umekushinda?

"Jana?"

"Jana nimemwona. Baba yake tumelala mkeka mmoja mpaka alipokwenda Unguja. Huyu ni mwanangu na yule ni mke wa ndugu yangu, na chumba chao nakijenga kwa mikono hii. Ukiwarudisha, nirudishe na mimi."

Yule mkubwa alimtazama mikono, matope bado yako kwenye kucha. Akapunga mkono wake, yaani kakubali, twende zetu.

Mama Kiarabu hakijui. Akanivuta kanzu kwa nyuma. "Kasemaje? Kasemaje ami yako?"

"Kasema sisi ni watu wake, mama."

Akakaa chini palepale mlangoni, akalia kwa sauti, yeye ambaye hakutoa chozi tangu tulipopanda meli. Nami nikakaa karibu yake nikalia, mchana kweupe, watu wanapita, na wala sikuona haya.