Mshipa Uliokuwa Tofauti Kifuani Mwangu

Wapendwa, mnaonitania kwamba naimba kwaya nikiwa nimekaa, leo nawaambia sababu. Zamani nilikuwa nabanika sangara kisiwani Rukuba, na sauti yangu iliwazidi wavuvi wote.

Kikaanza kikohozi. Nikasema ni moshi. Makohozi yakawa yananuka mpaka nikaona haya, kisha ikaja damu. Ilikuwa miaka ile hata sabuni inatafutwa kwa tochi. Dawa ndiyo usiseme.

Asubuhi moja damu ilinitoka mdomoni na puani, nikaanguka jikoni. Mume wangu alikuwa ziwani. Nyumbani alikuwepo baba mkwe tu, na kwetu baba mkwe hamgusi mkamwana wake, hata mkono hampi. Alisimama mlangoni akiita wanawake wa jirani. Hakuna aliyeitika. Sikuweza kusema wala kuinuka.

Mwishowe akaingia. “Mungu atanisamehe. Funga macho, mama,” alisema, akanibeba mpaka mtumbwini.

Hospitali ya Musoma walinipiga picha ya kifua, wakanipeleka Mwanza. Daktari wa upasuaji akamwambia mume wangu, aliyekuwa ametufuata, “Pafu la kushoto limeoza chini. Tunatoa hapo. Juu ni pazima.” Walizungumza kama sipo. Mume akatumwa mjini kutafuta glavu na nyuzi. Mimi nililala tu, nikiogopa.

Nilipozinduka nilikuwa na mpira ubavuni, kila pumzi kisu. Daktari akaja.

“Mishipa ya kurudisha damu toka pafuni huwaga miwili kila upande, wa juu na wa chini. Yako ya kushoto imeungana. Nilishaubana huo mmoja nikidhani ni wa chini, nikate. Ila mimi hubana kwanza, nangoja. Hata sehemu ya juu, iliyo nzima, ikaanza kuvimba, ikawa nyeusi. Nikaachia. Nikaufuata mpaka matawi yalipoachana, nikafunga la chini tu.”

“Ungekata je?”

“Tungetoa pafu lote. Kwa hali yako, sidhani ungeamka.”

Nililia. Hayo yote yalipita nimelala, sijui lolote.

Namshukuru Mungu kwa watu wale wawili. Nanyi mkikohoa damu, msisingizie moshi. Mkipasuliwa, ulizeni kilichokutwa ndani, na daktari mwingine mwambieni.

Baba mkwe hajanigusa tena. Namwekea chakula, natoka. Juzi aliniita, uso kaugeuzia ukutani.

“Mkamwana, pumzi ipo?”

“Ipo, baba.”